Athari

Huku Ibra, nusu saa ya maji ya falaji
huitwa athari.
Bibi alicheka alipoambiwa, mwaka ule alioshuka
na mtoto mgongoni na kasha lenye kufuli bovu:
"Kwetu Pemba athari ni kovu,
ni kile kinachobaki jambo likishapita."
Mawifi wakatazamana. Kiarabu chake
kilimpwaya kama kiatu cha kuazima.

Babu Muhenna alikuwa na mitende kumi na minane
na hana maji.
Siku ya mnada, ukutani mwa msikiti,
wanaume wakipandishana bei kwa kope,
Bi Ghaniya alivua bangili zake mlangoni,
nne za mahari, moja ya mamake.
Hiyo ya tano ilikataa. Akaipaka samli,
ikatoka na ngozi.
Athari mbili. Saa nzima, kila siku ya nane,
nyota fulani ikigusa bega la kilima:
saa tisa za usiku.

Miaka hamsini na mmoja
aliamka bila kuamshwa.
Kandili, baadaye tochi, baadaye simu ya mjukuu.
Jiwe na tambara: chomoa hapa, ziba kule,
maji yageuke, yaende kwenye majani ya ng'ombe kwanza,
kisha ndimu, kisha khunaizi, kisha fardhi,
na mwisho kabisa mtende dume, peke yake pembeni.
"Naye apewe," alisema,
"hata kama kazi yake ni mwezi mmoja kwa mwaka."
Babu alikohoa.

Ng'ombe alifahamu Kiswahili tu.
Tukimsemesha Kiarabu alitugeuzia mkia.

Watoto tisa, wakaishi saba.
Wawili wako kule kwenye mawe yasiyo na majina,
naye alipopita na ndoo
aliyataja.

Sitaki kumfanya malaika.
Alikuwa na choyo cha sukari.
Alimnunia mkamwana miaka mitatu
kwa sababu ya sufuria.
Jumatano, kwenye soko la wanawake,
ndimu kavu zake nzuri zilikaa juu ya kikapu,
na za chini Mungu ndiye ajuaye.

Babu alipoingia kiza cha macho
alimshika kidole kimoja, si mkono.
"Mkono anashikwa mgonjwa."
Kila alfajiri akampitisha shambani,
akibandika kiganja chake kwenye gome:
"Huyu nani?"
"Khunaizi."
"Wa ngapi?"
"Wa saba. Aliyepigwa na radi."
Akikosea, walirudi mlangoni wakaanza upya.

Ami zangu walichimba kisima, wakafunga pampu,
wakamwambia, Mama, sasa lala.
Mwaka wa tatu kisima kikatoa chumvi.
Hakusema neno. Alimpelekea mkubwa wao
kikombe cha maji yale kwenye sinia, na tende,
akakaa mbele yake
mpaka akanywa.

Ametutoka mwezi wa kupandishia mitende,
unga wa maua ungali kwenye kucha.
Tulipomwosha nilikishika kifundo cha mkono wake:
alama nyembamba, nyeupe, ya duara.
Mashangazi walidhani ni ya uzee.

Jana katika familia walizungumza kuuza.
Ami wa Maskati ana hesabu zake, na si mbaya.
Lakini arifu wa falaji bado anasoma daftarini
"maji ya Ghaniya", hajabadilisha,
na leo ni siku ya nane.

Nilitega simu, nikaamka kabla yake.
Nyota siijui; nilitazama kilima nikakisia.
Jiwe lilikuwa baridi kuliko nilivyotarajia,
tambara lake limekauka likachukua umbo la ngumi.
Nilichomoa. Kwanza kimya,
kisha maji yakaja yakisukuma jani.

Bandani ng'ombe aliinua kichwa, akasikiliza.
"Lala," nikamwambia. "Ni mimi."